Kliniki Inayompima Mtoto na Kumsahau Mama

Mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, mwanamke wa kijijini Tanzania huwa na sababu nyingi za kufika zahanati kuliko karibu mwaka mwingine wowote. Mtoto ana chanjo anapozaliwa, kisha za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu ya surua na rubela akitimiza miezi 9, na katikati ya hizo kuna kupimwa uzito. Mama mwenyewe anatakiwa aonwe ndani ya saa 48, kisha siku ya 7, ya 28 na ya 42. Hata hivyo huo ndio mwaka ambao wanawake wengi wasiotaka mimba nyingine upesi hukaa bila kinga. Wapo wanaoeleza jambo hili kwa kuwalaumu wanawake wenyewe: hawana elimu, wanaogopa, dini haiwaruhusu, waume wamekataa. Sababu hizo zipo, na nitazijadili. Lakini nadhani chanzo kikubwa kiko upande wa huduma. Tumemwachia mama mzigo wa kuja kuomba, katika kipindi ambacho kuomba ni kugumu kwake kuliko wakati mwingine wowote. Mzigo huo uhamie kwa mhudumu: kila mama aliyejifungua aulizwe, aelezwe, na akitaka apewe njia anayoichagua siku hiyohiyo, palepale alipo.

Tuanze na takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma, kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16. Hayo ni mafanikio makubwa, na hayakuja kwa bahati. Zahanati na vituo vya afya vilijengwa, na kina mama wakaitikia. Sasa tazama upande wa pili wa utafiti huohuo. Wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walikuwa asilimia 32 mwaka 2015-16, na mwaka 2022 walikuwa asilimia 31. Wakati huohuo, asilimia 21 ya walioolewa walitaka kupumzika kuzaa au kuacha kabisa, lakini hawakuwa wakitumia njia yoyote. Kwa hiyo tuliwaleta mamilioni ya wanawake hadi kitanda cha kujifungulia, wakarudi nyumbani na watoto wao, na matumizi ya uzazi wa mpango yakabaki palepale. Kama tatizo lingekuwa umbali peke yake, au kutoviamini vituo, takwimu hizi mbili zingepanda pamoja. Mwanamke aliyekuja kujifungua ameshavuka mto, ameshalipa bodaboda, ameshamwamini mkunga. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia neno moja zaidi kabla hajaondoka.

Jambo hili haliko Tanzania pekee. Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi 21 zenye kipato cha chini na cha kati, wakakuta kuwa asilimia 61 ya wanawake waliojifungua ndani ya miaka miwili walihitaji kuzuia mimba bila kutumia njia yoyote. Hakuna kundi jingine la wanawake linalofikika kwa urahisi namna hii huku pengo lake likiwa pana kiasi hiki. Na gharama ya pengo hilo inajulikana. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2012 kwenye jarida la Lancet, John Cleland na wenzake walieleza kuwa mtoto anayezaliwa kabla ya miaka miwili kutimia tangu kuzaliwa kwa aliyemtangulia ana hatari ya kufa akiwa mchanga iliyo kubwa kwa asilimia 60 kuliko anayezaliwa baada ya muda huo. Mimba ikiingia ndani ya miezi sita baada ya uzazi uliopita, hatari ya mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo huongezeka takribani mara mbili. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine.

Jibu la haraka linalotolewa hapa ni kwamba mama anayenyonyesha hashiki mimba, basi asisumbuliwe. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaolifanya liwe la hatari. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98, mradi masharti matatu yatimie kwa pamoja: mtoto awe chini ya miezi sita, anyonye maziwa ya mama pekee mchana na usiku, na mama awe hajaona hedhi tangu ajifungue. Sharti moja likivunjika, kinga imeondoka. Utafiti wa 2022 unaonyesha kuwa asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama pekee, lakini wastani huo unaficha kushuka kwa kadiri mtoto anavyokua. Mama anaporudi shambani, uji huanza. Asiyenyonyesha kabisa anaweza kupevusha yai wiki ya nne tu baada ya kujifungua. Zaidi ya hayo, yai hupevuka kabla ya hedhi kutoka, kwa hiyo mwanamke anaweza kushika mimba bila kuona hata tone la damu la kumwonya. Wengi wanangoja hedhi irudi ndipo wafikirie uzazi wa mpango, na kwa baadhi yao ujumbe wa kwanza kutoka kwa mwili ni mtoto kucheza tumboni.

Kosa hili la kungoja hedhi halifanywi na kina mama peke yao. Katika nchi nyingi za Afrika, ikiwemo jirani yetu Kenya, imeandikwa kwamba wahudumu huwarudisha nyumbani wanawake ambao hawako kwenye siku zao, kwa hofu kwamba huenda tayari ni wajawazito. Ukitumia kanuni hiyo kwa mama anayenyonyesha, umemwambia arudi baada ya kinga yake kuisha. Dawa ya hofu hiyo ipo na haigharimu fedha: orodha ya maswali sita ambayo mhudumu humwuliza mwanamke ili kujiridhisha kuwa hana mimba. Maswali mawili kati ya hayo yanamhusu moja kwa moja aliyejifungua: je, umejifungua ndani ya wiki nne zilizopita? Je, mtoto ana umri chini ya miezi sita, ananyonya tu, na hedhi haijarudi? Akijibu ndiyo kwa swali mojawapo, na hana dalili za ujauzito, anaweza kupewa njia leo. Mahali ambapo orodha hiyo haipo mezani, au ipo na haitumiki, mama anafukuzwa kwa upole, na mara nyingi harudi.

Lakini hata asipofukuzwa, kuna jambo linalomzuia kuomba, nalo limejikita katika mila zetu. Katika jamii nyingi za Tanzania inaaminika kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto akiwa bado mchanga, au baba akitoka nje ya ndoa, mtoto atabemendwa: atadhoofika, atachelewa kutembea, ataharisha. Columba Mbekenga na wenzake walilichunguza jambo hili katika kitongoji cha Dar es Salaam, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 2013 walionyesha jinsi wazazi wanavyobanwa kati ya wajibu wa kujizuia kwa muda mrefu na hofu ya mume kwenda nje na kurudi na maradhi. Mwiko huu una hekima yake. Ulikuwa njia ya wazee ya kupishanisha watoto, kumlinda anayenyonya dhidi ya mimba ya mdogo wake, na ulitegemezwa na utaratibu mzima: mke kwenda kujifungulia kwa mama yake, kukaa siku arobaini au miezi kadhaa, na bibi kusimamia. Siku hizi wanandoa wengi wanaishi mbali na wazazi, chumba ni kimoja, na utaratibu ule umelegea huku aibu yake ikibaki na nguvu zilezile.

Matokeo yake ni haya: mama mwenye mtoto wa miezi mitatu anayeingia zahanati na kuomba sindano ametangaza mbele ya muuguzi, na pengine mbele ya majirani walioketi kwenye benchi, kwamba mwiko umevunjwa nyumbani kwake. Mtoto akiugua wiki ijayo, kila mtu ana maelezo tayari. Ni wanawake wangapi watajiweka katika hali hiyo kwa hiari yao? Hapa ndipo utaratibu wa kumwuliza kila mama unapoonyesha faida yake kubwa. Swali linaloulizwa kwa wote halimshitaki yeyote. Muuguzi anayemwuliza kila mwenye kadi ya mtoto, baada ya chanjo, "Mama, umepanga kupumzika muda gani, na unatumia nini?" amemwondolea mwanamke kazi ya kukiri. Mila yenyewe inampa muuguzi lugha ya kuanzia, kwa kuwa lengo la wazee na lengo la kliniki ni moja: mtoto anyonye, akue, kabla ya mwingine kuja.

Kitabibu hakuna tena sababu ya kungoja wiki sita kabla ya kuanza mazungumzo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 ulilegeza masharti ya zamani: mama anayenyonyesha anaweza kuwekewa kijiti au kuanza vidonge vya homoni moja mara tu baada ya kujifungua. Kitanzi cha shaba kinaweza kuwekwa ndani ya saa 48, ikiwa hakuna maambukizi ya kizazi, au kuanzia wiki ya nne. Kondomu hazina la kungoja. Mipaka iliyobaki ni michache na inaeleweka: sindano ya miezi mitatu isianze kabla ya wiki ya sita kwa anayenyonyesha, na vidonge vya homoni mbili kwa kawaida asipewe hadi mtoto atimize miezi sita. Mama aelezwe pia ukweli wa kila njia. Kitanzi kinachowekwa mara baada ya uzazi kina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka chenyewe kuliko kinachowekwa baadaye. Kijiti na sindano huvuruga mpangilio wa damu ya hedhi. Baada ya kuacha sindano, uwezo wa kushika mimba unaweza kuchukua miezi mingi kurudi. Uvumi kwamba sindano inaua kizazi unalishwa na ucheleweshaji huo ambao hakuna aliyewahi kuueleza; anayeelezwa mapema hatishiki.

Je, utaratibu huu umejaribiwa? Nchini Liberia, katika kaunti za Bong na Lofa, watoa chanjo walifundishwa kuzungumza kwa ufupi na kila mama baada ya kumchanja mtoto wake, kisha kumwelekeza chumba cha uzazi wa mpango siku hiyohiyo. Idadi ya wanaoanza kutumia uzazi wa mpango ilipanda sana, sehemu kubwa yao wakitoka kwenye benchi la chanjo, na chanjo hazikuporomoka, kinyume na hofu ya wengi. Hapa Tanzania, mradi wa kimataifa wa shirikisho la madaktari wa wanawake, FIGO, uliofanyika katika hospitali sita kubwa, ulionyesha kuwa maelezo yanayotolewa wakati wa ujauzito huongeza uwezekano wa mama kuchagua kitanzi baada ya kujifungua. Funzo la mradi huo lina mpaka wake, kwa sababu hospitali kubwa ina wakunga na vifaa ambavyo zahanati ya kijiji haina. Kwa kijiji, mfano wa karibu zaidi ni Rwanda. Huko wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 10 mwaka 2005, wakafika asilimia 45 mwaka 2010 na asilimia 58 katika utafiti wa 2019-20. Mambo mengi yalichangia, lakini mojawapo lilikuwa kumruhusu mhudumu wa afya wa kijiji kutoa vidonge na sindano mlangoni mwa mama.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu hiari. Mwanamke aliye katika uchungu, au aliyetoka kujifungua saa chache zilizopita, amechoka na yuko chini ya mamlaka ya anayemhudumia. Historia inatupa sababu ya kuogopa. Huko Greenland, katika miaka ya 1960 na 1970, maelfu ya wanawake na wasichana waliwekewa vitanzi na madaktari chini ya utawala wa Denmark, wengi bila ridhaa yao, na serikali ya Denmark ikaja kuomba radhi mwaka 2025. Karibu na kwetu, utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya umeeleza jinsi wanawake waliotaka vijiti vitolewe kabla ya muda walivyobembelezwa, wakacheleweshwa au wakakataliwa. Pingamizi hili nalikubali, na linabadilisha namna ya kuutekeleza utaratibu ninaoutetea. Mazungumzo yaanze kliniki ya wajawazito, miezi kabla ya uchungu, na uamuzi uandikwe kwenye kadi. Leba isiwe mahali pa kumshawishi mtu kwa mara ya kwanza. Jibu la "hapana" lipokelewe bila kununa. Na zahanati isiyoweza kukiondoa kijiti isiruhusiwe kukiweka. Ridhaa ya kweli hupimwa siku mama anaporudi na kusema, "Nitoleeni." Wala kituo kisipewe idadi ya vijiti vya kufikisha kwa mwezi, kwa kuwa lengo la namna hiyo humgeuza mama kuwa hesabu ya ripoti.

Pingamizi la pili ni dini na waume. Wanaosema vijiji vya kidini havitapokea huduma hii watazame Lindi. Katika utafiti wa 2015-16, mkoa huo wa kusini, wenye Waislamu wengi, wa vijijini na usio tajiri, uliongoza Tanzania Bara kwa takribani nusu ya wanawake walioolewa kutumia njia za kisasa. Miaka hiyohiyo, Kusini Pemba ilikuwa chini ya asilimia 10. Dini ni moja katika sehemu hizo mbili, na matokeo yametofautiana mno, kwa hiyo dini peke yake haiwezi kuwa maelezo. Qurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara, inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, na imamu anayehubiri juu ya haki ya mtoto kunyonya anazungumza jambo lilelile analolitaka mkunga. Kanisa Katoliki lina msimamo wake kuhusu njia za kisasa, na hospitali zake zinawahudumia watu wengi vijijini. Serikali haina haja ya kuzilazimisha, bali inaweza kufanya kama Rwanda, iliyoweka vituo vidogo vya umma karibu na hospitali za namna hiyo. Ama waume, wengi hawajawahi kuelezwa lolote. Mwanamume anayekuja kliniki na mkewe katika hudhurio la kwanza la ujauzito ili wapime virusi vya UKIMWI hukaa nje ya mlango mazungumzo ya uzazi yanapoanza. Aalikwe ndani mke akiridhia. Na mke asiyeridhia ahudumiwe peke yake kwa siri, kwa sababu mwili ni wake.

Pingamizi la tatu ni la kitaifa, na limewahi kutoka juu kabisa. Septemba 2018, akihutubia Meatu mkoani Simiyu, Rais John Magufuli aliwataka wananchi waachane na uzazi wa mpango, akisema wanaoutumia ni wavivu wasiotaka kuhangaika kulisha watoto. Baada ya hapo matangazo ya uzazi wa mpango yalisimamishwa redioni na kwenye televisheni kwa muda. Wapo pia wenye hofu ya upande wa pili, wanaosoma sensa ya 2022, yenye watu milioni 61.7 na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka, na kutaka wanawake wazae wachache ili uchumi upumue. Pande zote mbili zinamwona mama kama njia ya kufikia tarakimu. Hoja ya mwaka wa kwanza baada ya uzazi haitegemei yeyote kati yao. Mwanamke anayetaka watoto saba anahitaji kuwapishanisha ili wote saba wapone na yeye abaki hai kuwalea. Anayetaka wawili anahitaji huduma hiyohiyo. Idadi wataamua wenyewe nyumbani.

Linabaki pingamizi la wenye kazi, nalo ni la haki: muuguzi mmoja anachanja, anapima, anazalisha na kuandika madaftari, na sasa anaongezewa swali. Swali lenyewe ni la dakika moja, lakini jibu linaweza kuhitaji dakika ishirini, chumba chenye mlango, na kijiti kilichopo kabatini. Hapo ndipo mipango inapaswa kugusa bajeti. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Hao wanaweza kuchukua mazungumzo ya awali nyumbani, ili mama afike zahanati akiwa ameshafikiri. Kuhusu dawa, mwaka 2025 umetufundisha vikali: Marekani iliposimamisha misaada yake, nchi nyingi za Afrika zilishtukia kwamba kabati za uzazi wa mpango zilijazwa kwa fedha za wengine. Fedha za vijiti na sindano ziwe kwenye bajeti yetu, zitolewe kwa wakati, na Bohari ya Dawa isambaze vijiti na sindano hizo pamoja na chanjo, kwa kuwa mtoto na mama yake wanakuja siku moja.

Hatua ya kwanza haihitaji kungoja fedha wala sheria mpya. Kila halmashauri inapokea ripoti ya watoto waliochanjwa wiki ya 6. Iongezwe safu moja katika ripoti hiyo: ni mama wangapi wa watoto hao walioulizwa kuhusu uzazi wa mpango, wangapi walitaka, na wangapi kati ya waliotaka waliondoka na walichokitaka. Nambari ya tatu ikiwa ndogo kuliko ya pili, mganga mkuu wa wilaya atajua kwamba kasoro iko kwenye kabati lake, kwenye mafunzo ya watu wake au kwenye chumba chake. Atakuwa hana tena nafasi ya kusema kwamba wanawake wa vijijini hawataki.